Si Hazina ya Kibubu



Juma hili tumekusudia kulitafakari jina moja ambalo, kwa maoni yetu, limewapotosha wengi: nishati inayokishikilia pamoja kiini cha atomu. Tulipokuwa masomoni tuliidhania kuwa hazina iliyofichwa ndani ya kiini, mithili ya fedha katika kibubu. La hasha! Ni nishati iliyokwisha kutoka pale protoni na nyutroni zilipoungana, na atakaye kuzitenganisha hana budi kuilipa upya.

Ushahidi u katika mizani. Mwaka 1920 Francis Aston, akiwa Cambridge, alionyesha kwamba atomu moja ya heliamu ni nyepesi kuliko atomu nne za hidrojeni zikijumlishwa. Pungufu hilo ni takriban sehemu 7 katika kila 1,000, na ndilo linalotufikia kama joto la jua tunapoanika mahindi uani.

Lakini ikiwa kuungana hutoa nishati, mbona kupasua urani nako huitoa? Swali hili wengi hulikwepa. Viini havikukazwa kwa kiwango kimoja. Vilivyo karibu na chuma vimekazwa kuliko vyote, takriban elektroni-volti milioni 8.8 kwa kila protoni au nyutroni. Urani, ambayo protoni zake 92 zasukumana, haipiti milioni 7.6. Kiini chake kikipasuka, kila kipande hukazwa kuliko kilivyokuwa kiini mama, na tofauti hiyo ndiyo itokayo. Nishati haitoki katika kufunguliwa kwa kifungo cha zamani, bali katika kukazwa kwa vifungo vipya.

Je, huu ni ubishi wa maneno tu? Hatudhani. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni kibubu: kivunje, chukua fedha, tupa vigae. Kumbe vigae ndivyo vilivyoleta fedha! Nishati na vipande huzaliwa kwa tendo moja, na vingi kati ya vipande hivyo vina mionzi. Sesi-137, kwa mfano, huchukua miaka 30 kupungua nusu tu. Basi anayetuhesabia umeme wa urani, popote itakapotumika, atuhesabie pia vipande, na atuambie vitakaa wapi.