Mbegu ya Ukame Isiishie Ilonga

Mgeni ashukaye katika stesheni ya Kigoma na kuliona Ziwa Tanganyika limetanda mbele yake hushangaa aambiwapo kwamba wakulima wa mwambao huo nao huililia mvua. Lakini ziwa hilo, ambalo ni lenye kina kirefu kuliko yote barani Afrika, halinyweshi shamba la mahindi lililoko Mwandiga au Simbo. Mwaka 2021 maji yake yalipanda hata yakazimeza sehemu za ufukoni, wala hayakumfaa mkulima wa kilimani hata kidogo. Mkulima huyo hutegemea mvua inayoanza kati ya Oktoba na Novemba, na ikikatika kwa majuma matatu mahindi yanapochanua, jasho la msimu mzima hupotea.

Yafaa ieleweke kwa nini majuma hayo ni ya hatari. Mhindi hutoa ua la dume kileleni na ndevu katika gunzi. Ukame huzichelewesha ndevu, na zinapotokeza chavua imekwisha pukutika. Gunzi hubaki na mapengo. Wataalamu wamelikabili jambo hili kwa njia mbili. Huko Katumani, nchini Kenya, katika miaka ya 1960 walitafuta mahindi yanayokomaa mapema, yaani yanayoukimbia ukame. Wenzao wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Meksiko walichagua, kizazi baada ya kizazi, mimea ambayo ndevu zake hazichelewi hata shamba likinyimwa maji. Kazi zote mbili ni za miaka mingi, na haziharakishwi kwa hotuba.

Mtama hauhitaji kufundishwa ustahimilivu. Mizizi yake huzama chini, majani yake hujikunja, na mmea husimamisha ukuaji hadi mvua irudi. Tatizo lake limo kwingine. Mbegu ya Serena, iliyotoka kituo cha Serere nchini Uganda, ilikuwa na punje za kahawia zenye uchungu. Ndege waliziogopa, na walaji pia hawakuzipenda. Baadaye zikaja mbegu za punje nyeupe, kama Tegemeo na Macia, zenye ugali mtamu, na ndege nao wakaukubali utamu huo. Hapo ndipo siasa ya mbegu inapoonekana waziwazi: mtafiti akimridhisha mlaji, humwongezea mlinzi wa shamba kazi, na mlinzi huyo mara nyingi ni mtoto wa shule. Mwalimu anayeona madawati matupu mtama unapokomaa ana haki ya kuulizwa maoni yake kabla ya mbegu kusambazwa.

Hata hivyo watafiti wa Taifa hawakulala. Mwaka 2002 ziliidhinishwa Hakika na Wahi, aina za mtama zinazohimili kiduha, gugu linalonyonya mizizi. Asili yake ni kazi iliyofanywa Marekani na Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, ambaye mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mwafrika aliyeijua njaa ya Afrika alijua pia ni kitu gani cha kutafuta.

Wako watakaosema kwamba Kigoma si Dodoma, na kwamba mwambao una muhogo. Ni kweli, na hakuna mwenye akili atakayemwambia mtu wa Ujiji aache ugali wa muhogo kwa migebuka. Lakini muhogo nao una adui, batobato na michirizi ya kahawia, na kaya inayotegemea zao moja imejiweka rehani. Somo hili lilipaswa kueleweka zamani. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwakusanya wananchi vijijini; ukame wa 1973 na 1974 ukafuata, na kampeni ya mahindi iliyoanzishwa baada yake ikayapeleka mahindi hata katika nyanda kavu zilizokuwa za mtama na uwele. Nia ilikuwa njema, lakini mbegu haikuulizwa kama inaipenda ardhi hiyo.

Jambo lingine ni umiliki. Mahindi chotara humlazimu mkulima kurudi dukani kila msimu. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mwenye masuke bora aweza kuweka mbegu yake. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, yaliyopandwa Makutupora mwaka 2016, yalisimamishwa na Serikali mwaka 2018, na mjadala huo ulichukua nafasi kubwa kuliko swali lililo karibu zaidi: kwa nini mbegu nzuri za wazi, zilizokwisha lipiwa na wananchi, hazimfikii mtu wa Ilagala?

Kutoka Ilonga hadi Kigoma ni safari ndefu ya reli, na mbegu haisafiri yenyewe. Sheria inawaruhusu wakulima wadogo kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora katika wilaya zao, chini ya ukaguzi. Basi Halmashauri za mwambao zichague vikundi vichache, mabwana na mabibi shamba wavisimamie, na kila shule yenye shamba itenge kipande kimoja ambapo mtama mweupe, mtama wa kahawia na mahindi ya muda mfupi vitapandwa siku moja bila kumwagiliwa. Wazazi waitwe mara mbili: wakati wa kiangazi cha katikati ya msimu, na siku ya kupika. Zamu ya kuwafukuza ndege ipangwe kwa watu wazima.