Dingi anaamka mara ngapi usiku?

Wiki hii tunaweka kando muziki na mambo ya wapenzi. Tuongee kuhusu dingi. Ndiyo, yule mzee uliyemwacha kijijini, unayemtumia vijisenti vya sukari kila mwisho wa mwezi halafu unajiona umemaliza kazi.

Majuzi nilikuwa Nyamisati, wilayani Kibiti, nasubiri maji yajae boti iondoke. Kando yangu amekaa mzee mmoja wa delta, mtu wa mpunga na kamba, miaka 60 na ushei. Nikamwamkia, akaitikia, tukapiga stori. Ndani ya nusu saa alinyanyuka mara tatu kwenda nyuma ya mikoko.

"Mzee wangu, hali vipi?" nikamuuliza kwa adabu.

"Mzima, mwanangu. Uzee tu huu. Usiku ndiyo usiseme, nalala nusu nusu."

"Hospitali umekwenda?"

"Nende nikaambiwe nini? Tena nasikia daktari anatia kidole!"

Tulicheka wote, ila mimi kimoyomoyo sikucheka.

Sikia. Tezi dume ni kijitezi kidogo kama ndimu, kimekaa chini ya kibofu na kuzunguka njia ya mkojo. Mwanaume akizeeka kinavimba, kinabana njia, ndipo safari za usiku zinapoanza. Mara nyingi huo ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Noma ni kwamba saratani yenyewe, ikiwa bado changa, haina kelele. Hakuna maumivu, hakuna damu. Mzee anapiga kasia kama kawaida. Siku inapoanza kumuuma mgongo na nyonga, huenda imeshahamia kwenye mifupa.

Sasa kuna tiba moja inayosifiwa sana huko majuu: kuunguza saratani kwa sauti. Usicheke! Ile ultrasaundi wanayopimwa wajawazito unaijua. Mawimbi yale yale yakiongezwa nguvu na kukusanywa sehemu moja, yanachoma. Utotoni uliwahi kuunguza karatasi kwa jua na kioo cha kukuza? Ndiyo mambo yenyewe. Mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi au ganzi, kifaa kinapitishwa njia ya haja kubwa, na joto linapanda kupita nyuzi 60. Kijisehemu kama punje ya mchele kinakufa kwa sekunde chache, kisha inafuata punje nyingine. Hakuna kisu. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa.

Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine hizi kuunguza nyama ya tezi dume. Lakini si muujiza. Nguvu za kiume zinaweza kupungua, mkojo unaweza kuvuja, na saratani inaweza kurudi, hivyo lazima kupimwa tena na tena. Upasuaji na mionzi bado vina ushahidi wa miaka mingi zaidi.

Na sharti kubwa ni hili: saratani iwe bado imo ndani ya tezi. Ikishatoka nje, sauti hiyo haiwezi kuifuata mwili mzima. Hata kisu na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi kwa aliyewahi. Mashine iwe London au Muhimbili, kwa mzee aliyechelewa haina faida sana.

Msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Novemba 2014 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, mtoto wa Mkoa wa Pwani kama hao wazee wetu wa Kibiti, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, na taifa zima likatangaziwa. Kama Rais hakuficha, dingi wako anaficha nini?

Tena nawe mwenyewe umo. Baba au kaka akiipata, hatari yako inapanda zaidi ya mara mbili. Na sisi watu weusi tunapatwa zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo kumpima dingi ni kujipima wewe.

Cha kufanya ni hiki. Mzee akifika miaka 50, au 45 kama kuna mgonjwa katika ukoo, mpeleke kwa daktari wazungumze kuhusu kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kikiwa juu, si lazima iwe saratani, hata uvimbe wa kawaida au maambukizi hukipandisha. Ndipo daktari anaendelea na vipimo vingine, na mwisho kuchukua kinyama kidogo kukipima. Kidole? Ni dakika moja, na kinaisha.

Najua kutoka delta ni boti, kusubiri maji, halafu gari mpaka Mbagala. Nauli mzee hana, na kuomba ataona haya. Basi usisubiri akuombe. Mpigie, mwambie, "Baba, shikamoo, njoo mjini nimekukumbuka." Akishafika, mengine mtaongea njiani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.