Chemchemi kwanza, mawimbi ya starehe baadaye

Wakazi wanaposimama kupinga mradi wa starehe kwenye ardhi ya asili, hawakawii kuitwa maadui wa maendeleo. Kwa upande wa afya, jina hilo si la haki. Anayelinda chemchemi hulinda pia tumbo, meno na mifupa ya watu ambao hajapata kuwaona, tukiwemo sisi wa mjini.

Tuchukue mfano wa mabwawa ya mawimbi yaliyojengwa katika nchi tajiri. Mashine huyasukuma maji hadi yainuke na kuvunjika kama ya bahari, watu wakateleza juu yake kwa mbao. Mabwawa makubwa ya aina hii hujazwa kwa makumi ya mamilioni ya lita, na yanayokaushwa na jua na upepo sharti yaongezwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja huhitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Tukihesabu lita 50, kila lita milioni moja ni mahitaji ya siku nzima ya watu 20,000.

Hoja ya maji ilikuwa miongoni mwa hoja za wakazi wa La Quinta, mji wa jangwani huko California, Marekani. Walipinga bwawa la mawimbi lililokusudiwa kujengwa karibu nao, wakalalamikia pia kelele na taa za usiku. Septemba 2022 baraza la mji likaukataa mpango huo.

Maji yasiyotunzwa vyema yana hatari nyingine. Mwaka 2018 kijana mmoja alifariki Marekani baada ya kutembelea bwawa la mawimbi huko Waco, Texas. Aliuawa na amiba anayeishi katika maji ya uvuguvugu yasiyo ya chumvi, ambaye huingia puani na kushambulia ubongo. Wachunguzi wa afya walikuta maji ya pale yakiwa na hali inayomfaa amiba huyo. Ugonjwa huo ni nadra mno, lakini kuharisha si nadra. Vimelea vya kriptosporidiamu huweza kuishi siku kadhaa hata katika maji yaliyotiwa klorini. Bwawa likitelekezwa nalo huwa makao ya mbu, na nyanda zetu za juu za magharibi zinaijua milipuko ya malaria.

Msomaji wa Nakuru asidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Apande hadi Olenguruone, kwenye mashamba ya chai kandokando ya msitu wa Mau. Katika nyanda hizo za Mau huanzia Nyangores na Amala, mito inayoungana kuwa Mara, na pia Itare, ambao maji yake huingia mto Sondu hadi Ziwa Victoria. Mjini Nakuru visima vingi vina madini ya floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa huweza kuumia. Ndiyo maana mji huo unayatamani maji ya Mau.

Kwa sababu hiyo ujenzi wa bwawa la Itare ulianza Kuresoi mwaka 2017, kisha ukasimama 2018 kampuni ya Italia iliyopewa kazi ilipopatwa na matatizo ya fedha. Mradi huo ulikuwa wa maji ya kunywa. Hata hivyo, watu wa mkondo wa chini waliupinga wakiuliza mto wao utabakiwa na nini. Ikiwa mradi wa kuwanywesha wenye kiu ulipaswa kujibu swali hilo, seuze bwawa la kuchezea!

Wapo watakaosema vijana wanahitaji kazi na watalii. Ni kweli, wala kuogelea si dhambi. Ni mazoezi mema. Lakini mahali pa bwawa kama hilo ni ardhi iliyokwisha kujengwa, penye maji yanayosafishwa na kutumiwa tena. Kinamasi na msitu huyachuja maji na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Vikifyekwa, mama atachota maji kwenye dimbwi wanakonywa ng'ombe, na homa ya matumbo itafuata.

Katiba ya 2010, vifungu vya 42 na 43, inampa kila Mkenya haki ya mazingira safi na maji salama. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake, na wananchi wasikilizwe kabla ya kibali. Basi mkutano ukiitwa, uendeni mkaulize: Maji yatatoka wapi, na lita ngapi kwa siku? Nani atayapima kila wiki na kutangaza matokeo? Yaliyotiwa dawa yatamwagwa wapi? Mwenye mradi akifilisika, nani atafukia shimo? Asiyekuwa na majibu kwa maandishi asipewe kibali. Na sisi wa mjini tusiwaachie watu wa milimani peke yao kuuliza, kwa maana mfereji wa nyumbani kwetu huanzia kwao.