Bomba la gesi: nani atapikia?

Mtungi wa gesi kutoka Tanzania ukishushwa hapa Nyakabiga, utasikia muuzaji akisema ni gesi ya Mtwara. Sivyo. Gesi ya mitungi ya jikoni huletwa Tanzania kwa meli kutoka ng'ambo. Ile ya Mtwara ni gesi asilia, nayo husafiri kwa bomba. Wafanyabiashara wetu wa mpakani waijue tofauti hiyo, kwani mitungi yao haijazwi kwa bomba hilo.

Tanzania ilianza mwaka 2004, gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la Mtwara, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lililojengwa kwa mkopo wa China. Sehemu kubwa ya gesi hiyo huzalisha umeme, na hilo ni jema. Lakini wananchi wa Mtwara walihoji wao watabaki na nini. Mwaka 2013 swali hilo likageuka ghasia, na watu wakapoteza maisha. Sisi tuliosoma makambini mkoani Kigoma hatuwezi kuwashangaa. Mama zetu walifukuzwa porini kwa mzigo mmoja wa kuni, na wenyeji nao walikuwa na haki ya kuililia miti yao. Darasani tuliingia tukinuka moshi.

Mei 2021 Tanzania na Kenya zilikubaliana juu ya bomba la Dar es Salaam hadi Mombasa. Ulaya wamefika mbali zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, kuanzia mwaka 2019 walijaribu kuchanganya hidrojeni hadi asilimia 20 katika gesi ya majumbani. Faida yake ni ndogo kuliko inavyosikika: hewa ya ukaa hupungua kwa takriban asilimia 7 tu, kwa kuwa hidrojeni ina kama theluthi moja ya nguvu ya gesi asilia kwa ujazo uleule. Tena huweza kupenya chuma cha bomba na kukidhoofisha. Hayo ni matatizo ya wenye mabomba. Huku kwetu mama bado anapepea mkaa.

Gesi iliyo karibu nasi imo katika Ziwa Kivu. Rwanda inaizalishia umeme pale Karongi tangu mwaka 2016, katika mtambo wa megawati 26. Ziwa hilo si letu, ni la Rwanda na Kongo. Hata hivyo, maji yake hutufikia kwa mto Rusizi, na nchi zetu tatu zimegawana umeme wa bwawa la Ruzizi II kwa miaka mingi bila kugombana juu ya mto.

Tunaiomba serikali ipeleke ombi kwa majirani hao kwa njia ileile: tununue gesi ya Kivu iliyoshindiliwa, ibebwe kwa malori hadi Bujumbura, na fungu la kwanza liende majikoni. Bomba, kama litakuja, lifuate baadaye, na vijiji litakamopita vipewe fungu lao kwa maandishi kabla mtaro haujachimbwa.