Suruali ya mwamuzi ipimwe akiwa amechuchumaa

Mwamuzi wa besiboli anayekaa nyuma ya mdakaji hafanyi kazi ya kusimama. Anachuchumaa, anainuka, anapiga hatua mbili kufuata mpira, anarudi, anachuchumaa tena. Katika mchezo wa kulipwa wa Marekani mirusho ya timu zote mbili hukaribia 300, na kwa kila mrusho mwamuzi hushusha nyonga zake mpaka macho yake yawe juu kidogo ya kichwa cha mdakaji, aone kama mpira umepita katika eneo la kupigwa au umetoka nje. Mchezo wa shule ni mfupi kuliko huo, lakini mwendo wa mwili ni uleule. Suruali isiyompa nafasi ya kuchuchumaa humlazimisha asimame wima, na mwamuzi aliyesimama wima anaukisia mpira wa chini badala ya kuuona. Kwa hiyo swali la suruali gani avae linagusa moja kwa moja usahihi wa uamuzi wake, na nashangaa kwamba katika mazungumzo yetu kuhusu mchezo huu bado linachukuliwa kama jambo la mapambo.

Besiboli ni mchezo mchanga kwetu. Umeingia mashuleni kwa juhudi za Chama cha Besiboli na Softboli Tanzania, TaBSA, kikisaidiwa sana na Wajapani, na mashindano ya taifa ya vijana yamepewa jina la Koshien ya Tanzania, kwa kuazima jina la uwanja wa Koshien wa mji wa Nishinomiya, uliofunguliwa mwaka 1924, ambako wanafunzi wa sekondari wa Japani huwania ubingwa wao kila kiangazi. Uwanja umejengwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Uganda wametutangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League kule South Williamsport, Pennsylvania, na hawakurudi mikono mitupu, kwani waliifunga timu ya jimbo la Oregon mabao 3 kwa 2. Michezo hukua kwa njia hiyo, kutoka uwanja mmoja wa mjini hadi viwanja vya shule za mikoani. Ukifika wilaya kama Kilosa, mkoani Morogoro, ambako leo kandanda ndiyo inayojaza viwanja, utakutana na udongo wa Chanzuru na Ilonga, vumbi la Oktoba na tope la Aprili, na jua lisilomhurumia mtu aliyejifunga ngao kifuani. Mwamuzi wa kuvishwa ni wa uwanja wa namna hiyo, na tukimvisha vizuri huyo, wa Dar es Salaam hatapata shida.

Tuanze na mkato, kwa kuwa wengi hukosea hapo. Mwaka 1907 mdakaji wa New York Giants, Roger Bresnahan, aliingia uwanjani na kinga za ugoko zilizofanana na zile za wachezaji wa kriketi. Waamuzi nao wakaja kuzivaa, lakini wao walizificha ndani ya suruali, na tangu hapo suruali ya mwamuzi wa nyuma ya mdakaji ikawa na sababu ya kuwa pana kuanzia gotini kushuka chini. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 hadi 149, ni mgumu, na ukichepuka kwenye gongo hautoi muda wa kukwepa. Kinga ni lazima. Kinga ikiwa lazima, suruali ya kubana ni kosa, maana kitambaa kitakamatwa na kinga gotini, kitavutwa juu, na ugoko na kiatu vitaachwa wazi kila anapochuchumaa. Wauzaji wa vifaa vya waamuzi Marekani hutofautisha suruali za aina tatu: ya nyuma ya mdakaji, pana kabisa miguuni, ya waamuzi wa vituo, nyembamba zaidi kwa kuwa hao hukimbia na hawavai kinga, na ya tatu iliyo katikati, inayofaa kazi zote mbili. Kwetu, ambako mwamuzi mmoja asubuhi atakuwa nyuma ya mdakaji na jioni kwenye kituo cha kwanza, na ambako kumnunulia mtu suruali mbili ni ndoto, aina ya tatu ndiyo jibu. Nalisema hili bila kusitasita.

Namna ya kupima ni muhimu kuliko hata kitambaa. Fundi cherehani aliyezoea suruali za ofisini humpima mteja akiwa amesimama, mikono pembeni. Suruali iliyopimwa hivyo humkaa mwamuzi vizuri mpaka mrusho wa kwanza. Apimwe akiwa amevaa kinga na amechuchumaa: urefu wa nyuma kutoka kiunoni kupita msambani uongezwe ili mkanda usishuke akiinama, na upindo wa chini ufunike mdomo wa kiatu hata goti likiwa limekunjwa. Msambani patiwe kipande cha pembe nne cha kuongeza nafasi. Hili mafundi wa pwani hawahitaji kufundishwa na mtu. Kanzu ina kikwapa, kile kipande kidogo kinachotiwa kwapani ili mkono uinuke bila kupasua badani, na aliyeweza kutatua tatizo la mkono unaoinuka ataweza la paja linalofunguka. Marinda mawili mbele, chini ya mkanda, yanasaidia pia, hata kama vijana wanayaona ya kizee. Mifuko iwe mirefu, maana mwamuzi huhitaji mahali pa kuweka brashi ya kufagilia bamba la nyumbani na kifaa cha kuhesabia mirusho, na kifaa kikimwangukia katikati ya mchezo hesabu hupotea.

Kuhusu kitambaa, moyo wa mtu wa Kilosa utasema pamba. Kituo cha utafiti cha Ilonga, jirani na Chanzuru, kina historia ndefu ya mbegu za pamba. Aina zilizotolewa pale kwa ajili ya ukanda wa mashariki zilipewa herufi za IL, kama vile zile za Ukiriguru kule Mwanza zilivyopewa UK. Ni fahari ya haki, na ningependa sana kuandika kwamba suruali ya mwamuzi ishonwe kwa pamba tupu. Lakini pamba tupu hunywa jasho na kulishika. Baada ya saa moja inakuwa nzito, inagandamana na kinga, inakunjamana nyuma ya goti, na ikifuliwa mara nyingi inapauka. Poliesta tupu nayo ina lake: hukauka haraka na haikunjamani, lakini ile nene ya bei rahisi inamfungia mtu joto miguuni. Joto si jambo la kupuuza. Hata Japani, nchi ya desturi za besiboli zisizobadilishwa kirahisi, mwaka 2024 waandaaji wa Koshien ya kiangazi waligawa michezo ya siku tatu za mwanzo katika vipindi vya asubuhi na jioni ili kulikwepa jua la mchana. Kwa hiyo kitambaa kinachofaa ni mchanganyiko wa pamba na poliesta wa uzito wa kati, ule ambao mafundi wetu wanaujua vyema kwa sare za shule na ambao wengi huuita tetroni. Pamba imo, na mbegu za Ilonga zina heshima yake, lakini haibebi mzigo peke yake. Jinzi isikubaliwe kabisa, haikunjiki wala haikauki. Na suruali ya trakisuti, ambayo wengi wataipendekeza kwa wepesi wake, ina kiuno cha mpira kinachoteremka mifuko ikijaa, tena haimtofautishi mwamuzi na kocha wa akiba.

Rangi haina mjadala mrefu. Waamuzi wa Marekani huvaa kijivu, cha mpauko au cha mkaa, na sababu yake inasimama hata kwetu: kijivu huficha vumbi, hakionyeshi jasho kama kaki, na hakinyonyi jua kama nyeusi. Kwa udongo wa Kilosa nachagua kijivu cha mkaa.

Sasa, atakuja mwalimu wa michezo aseme: shule haina glavu za kutosha, wewe unazungumzia suruali? Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Glavu zitangulie, na barakoa ya chuma ya mwamuzi itangulie zaidi, kwa kuwa uso haushonwi upya. Lakini glavu na barakoa hutoka nje, kwa msaada au kwa fedha za kigeni. Suruali inatoka kwenye cherehani ya mtaani. Haviko katika mfuko mmoja. Suruali ya mkato ninaoueleza hutumia kama mita moja na nusu ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150, na ikishonwa vizuri itadumu misimu kadhaa. Kuisubiri ije katika shehena ya msaada ni kuchelewesha bure, tena suruali za msaada huja na vipimo vya miili ya huko zilikotoka, zikapunguzwa urefu hapa na kuharibiwa upana wa chini, yaani palepale kinga inapokaa. Mwingine atasema michezo inabadilika: mchezo wa Baseball5, uliowekwa katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, hauna gongo wala glavu, mpira wake ni wa raba na hupigwa kwa mkono, hivyo kinga za ugoko za nini? Ni kweli, na mwamuzi wa mchezo huo avae suruali nyepesi na nyembamba kama wa vituo. Hilo linaunga mkono ninachokisema, kwamba kazi ndiyo inayochagua suruali.

Kuna pia wanaosema heshima ya mwamuzi iko katika kuzijua sheria na kutopokea rushwa, wala haitokani na nguo. Nakubali kwamba nguo haimfanyi mjinga kuwa mjuzi. Ila mtazamaji aliye mbali haoni ujuzi, anaona mtu. Anapoona mwamuzi akivuta suruali kila baada ya mrusho, au akikataa kuinama kwa kuogopa mshono kupasuka mbele za wanafunzi, anapata sababu ya kubishia uamuzi hata ulio sahihi, na mchezo ambao nusu ya watazamaji hawajazijua sheria zake hauwezi kumudu ubishi wa aina hiyo. Suruali inayofaa humwondolea mwamuzi wasiwasi wa mwili wake, macho yakabaki kwenye mpira.

Suala la waamuzi wanawake nalitenga kwa makusudi, kwa sababu linaelekea kusahauliwa halafu kufanywa kizuizi. Nchi hii ilimwona Jonesia Rukyaa akichezesha pambano la kandanda la Simba na Yanga mwaka 2016. Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume Januari 2022, akiwa mwanamke wa kwanza. Na Agosti 2025 Jen Pawol alikuwa mwanamke wa kwanza kuamua mchezo wa msimu wa kawaida katika ligi kuu ya besiboli Marekani, siku ya kwanza kwenye vituo na siku ya pili nyuma ya mdakaji. Softboli inachezwa na wasichana wetu mashuleni, na waamuzi watatoka miongoni mwao. Kuwapa suruali za wanaume na mkanda wa kukazia si kuwavisha: mwanamke anahitaji nafasi zaidi nyongani na pungufu kiunoni, na suruali ya kiume ikimtosha nyonga itapwaya kiuno, ikimtosha kiuno itabana pale anapochuchumaa. Patengenezwe mkato wao tangu mwanzo. Na kwa mzazi au mwalimu anayehofia staha, mkato mpana unaotakiwa na kinga ndio uleule unaotakiwa na staha. Anayetaka shati refu la kufunika nyonga aruhusiwe, mradi lisimzuie kukimbia.

Uwezo wa kushona haya yote uko ndani ya mkoa wa Morogoro. Kiwanda cha Mazava mjini Morogoro kimewahi kushona mavazi ya michezo kwa ajili ya soko la Marekani. Mikono iliyowashonea Wamarekani haiwezi kushindwa na suruali ya mwamuzi wa shule, na hata bila kiwanda, mafundi wa Kilosa mjini wanaweza, wakipewa kielelezo. Kinachokosekana ni hicho kielelezo: karatasi moja yenye michoro ya mkato wa wanaume na wa wanawake, vipimo vya kuongeza kwa ajili ya kinga, aina ya kitambaa na rangi, iliyoidhinishwa na chama ili mwamuzi aliyeshonewa Kilosa afanane na aliyeshonewa Moshi.

Naiomba TaBSA iichore karatasi hiyo kabla ya mashindano yajayo ya taifa na kuipeleka kwa maofisa michezo wa wilaya zote, Kilosa ikiwamo. Na wewe fundi utakayeletewa kazi hii, mwambie mteja aje na kinga zake, na umpime amechuchumaa.