MASHINE HAIULIZI JIRANI: Maelekezo ya uhakiki yaandikwe wazi

Mfanyabiashara wa pembejeo na mazao mjini Sumbawanga hufanya uhakiki mara nyingi kwa siku. Risiti ya mashine ya EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, ina namba inayoweza kuhakikiwa kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mfuko wa mbegu una lebo ya TOSCI yenye namba ya kukwangua. Fedha za kwenye simu nazo hazitoki bila namba ya siri.

Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na karani. Hivi sasa zipo programu za akili mnemba ziitwazo mawakala. Hawa si wale mawakala wa kutoa fedha tuliowazoea mitaani, bali ni programu zinazopokea agizo la mwenye mali na kulitekeleza zenyewe: kulinganisha ankara, kuhakiki risiti, hata kuandaa malipo.

Maoni ya safu hii ni kwamba hatari kubwa kwa mfanyabiashara imo katika karatasi ya maelekezo ambayo mashine hiyo inaifuata.

Chukua jibu moja tu: "Uhakiki umeshindikana." Jibu hilo linaweza kuwa na maana tatu. Huenda mtandao umekatika, huenda namba imeandikwa vibaya, au huenda risiti ni ya bandia. Karani wa duka pale Laela atajaribu tena, atapiga simu, au atamwuliza jirani. Wakala wa kompyuta hana jirani. Maelekezo yasipotenganisha maana hizo, atakisia. Akikisia kuwa ni mtandao, atapitisha bandia. Akikisia kuwa ni bandia, atakataa mzigo wa mtu mwaminifu. Kwenye malipo ni hatari zaidi, kwani jibu likichelewa programu inaweza kutuma tena, na lori moja la mahindi likalipiwa mara mbili.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Si kweli. Mahindi na maharage ya Ufipa yanauzwa mbali, na mnunuzi mkubwa ndiye atakayetangulia kuweka mashine ya kukagua hati. Muuzaji wa Namanyere au Matai hatakuwa na mashine hiyo, lakini hati zake ndizo zitakazokataliwa, naye atabaki na gharama za lori lililosimama.

Kwa hiyo, benki, kampuni za simu na taasisi za Serikali zinazotoa huduma za uhakiki zinapaswa kuandika mambo manne bila mafumbo. Kwanza, kila jibu liwe na maana moja. Pili, ielezwe ni hatua ipi inaweza kurudiwa, na mara ngapi. Tatu, ielezwe namna ya kumpa wakala hati yake yenye kikomo cha fedha na muda, na namna ya kuifuta. Hilo si geni: utaratibu wa OAuth 2.0, uliochapishwa Oktoba 2012, unaiwezesha programu kupewa ruhusa yenye mipaka bila kupewa neno la siri la mwenye akaunti. Nne, ielezwe ni wapi mashine isimame na kumwita binadamu.

Aidha, maelekezo hayo yapatikane kwa Kiswahili. Maandishi yanayoeleweka na mashine bila kukisia yatamfaa pia karani aliyeajiriwa jana.

Kwa upande wetu wafanyabiashara, tahadhari ni moja: usiiandike namba yako ya siri ndani ya programu yoyote ili "ikusaidie kulipa". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zako, lakini haitakurudishia fedha siku hiyo hiyo zilipotoka.

Akija mtu kukuuzia wakala wa kompyuta, mwombe kwanza karatasi ya maelekezo. Tafuta mahali panapoeleza kinachofanyika uhakiki unaposhindikana. Usipopaona, fedha yako ibaki mfukoni.