Akina mama, tuache kuwasuka mabinti nywele zikiwa mbichi



Ukipita Jumamosi jioni katika vichochoro vya Mbagala, Tandika, Mwananyamala au kule Tegeta, utakuta karibu kila baraza ina mama ameketi juu ya kigoda na binti amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimelazwa mapajani. Maji ya bomba yamechelewa kutoka, nywele zimeoshwa saa kumi na moja, na kesho Misa ya kwanza ni alfajiri. Hakuna nafasi ya kungoja. Kichwa kinafutwa kwa kanga mara mbili tatu, kinapakwa mafuta, kisha kinaanza kusukwa huku maji yakichuruzika shingoni. Mtoto akilia anaambiwa ukitaka uzuri sharti udhurike.

Methali hiyo naipenda ikitumika mahali pengine. Juu ya kichwa cha mtoto wa miaka saba siipendi hata kidogo, na mwezi huu nataka ukurasa wetu wa afya utetee jambo moja tu: nywele mbichi zaweza kuchanwa, lakini zisisukwe kwa kukazwa, wala zisikaribishwe moto.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Wapo wazazi wanaokataza kusuka nywele mbichi kwa kuwa eti mtoto atapata mafua au nimonia. Mafua huletwa na virusi ambavyo mtu huambukizwa na mtu mwingine; nimonia nayo ina vijidudu vyake. Maji ya kichwani hayazai virusi. Kwa hiyo mama anayemsuka bintiye nywele mbichi, kisha akaona wiki imepita bila chafya, hudhani kwamba wote wanaomwonya ni waongo. Madhara ninayoyasema hayako puani. Yako kwenye unywele wenyewe na kwenye shina lake ndani ya ngozi.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ile ile inayojenga kucha. Ukilowa, hunyonya maji hata kufikia kama theluthi ya uzito wake, nao huvimba. Vifungo vidogo vidogo vinavyoushikilia ndani hulegea. Unywele uliolowa hunyumbulika kuliko mkavu, na mkono wa msusi huhisi kwamba unatii. Ndiyo sababu wasusi wanazipenda nywele zenye unyevu: zinalala, zinashikika, mistari inanyooka, hata twende kilioni ya dakika ishirini inatoka safi. Lakini unywele ulionyumbuka kupita kiasi haurudi kama ulivyokuwa. Hupasuka magamba yake ya nje, hudhoofika, na baada ya wiki chache hukatikia katikati. Wenye nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha ndio wanaoumia zaidi, maana dawa hiyo imekwisha kuvunja vifungo vyenye nguvu zaidi, na maji yanakuja kulegeza vile vilivyosalia. (Habari za dawa hizo ni ndefu, tutaziandikia siku yake.)

Nywele zetu zina jambo jingine tena. Ni za kujikunja. Ukizivuta zikiwa mbichi hurefuka na kukubali, na zikikauka hutaka kurudi kwenye mkunjo wake. Msuko ambao jioni ulikuwa umekaza kiasi, usiku unakaza zaidi. Binti anaamka na uso uliovutwa, macho yamepanda, kipaji cha uso kinang'aa, na akina shangazi wanamsifu kwamba amependeza. Wengine humeza Panadol ndipo wapate usingizi. Hebu tujiulize: ni pambo gani hili ambalo sharti mtu alimezee dawa ya maumivu?

Maumivu hayo ni taarifa. Kila unywele umeota katika kifuko kidogo ndani ya ngozi, na kifuko kikivutwa saa ishirini na nne, siku kumi na nne mfululizo, huvimba. Kwanza hutokea vipele vidogo kwenye mapanja na kisogoni, mara nyingine vyenye usaha. Kisha nywele za pembeni huanza kupungua. Msuko ukifumuliwa wakati huo na kichwa kikapumzishwa, nywele huota tena. Lakini kifuko kikivutwa miaka na miaka hufa, ngozi hufanya kovu, na hapo hakuna mafuta ya duka lolote yatakayoziotesha tena. Akina mama wengi wa miaka arobaini wanaofunga vilemba mpaka karibu na nyusi hawafungi kwa ajili ya urembo. Wanaficha mapanja.

Ugonjwa huu haukuanza kwetu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwaka 1907, ulielezwa kwa wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliokuwa wakizivuta nywele zao na kuzifunga kwa nguvu utosini. Karibu na kwetu, madaktari wa Cape Town, Afrika ya Kusini, waliwachunguza watu wazima na watoto wa shule wa Kiafrika, na mwaka 2007 wakatangaza waliyoyaona. Miongoni mwa wanawake wazima, karibu mmoja katika kila watatu alikuwa na dalili za nywele kupotea kwa kuvutwa. Miongoni mwa wasichana wa shule walikuwa kama 17 katika kila 100, na kadiri walivyopanda madarasa ndivyo walivyoongezeka. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka au kushonea nywele za bandia juu ya nywele zilizotiwa dawa. Kwa wanaume ugonjwa huo ulikuwa nadra sana, wala haishangazi, maana kinyozi havuti.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya jambo linalonihuzunisha kuliko nywele zenyewe. Mama anapoona mapanja yanarudi nyuma, mara nyingi swali la kwanza halihusu msuko. Anauliza ni nani aliyemsuka mara ya mwisho, ana mkono gani, na nywele zilizoanguka chini alizipeleka wapi. Nimesikia majirani wa jumuiya moja wakiacha kusalimiana kwa ajili hiyo. Mmoja alimsuka mwenziwe bure, kwa upendo, jioni ya mkesha wa sherehe. Miezi miwili baadaye nywele zikakatika, na maneno ya husuda na uchawi yakaanza kuzunguka mtaani. Tunasali rozari pamoja Oktoba nzima, kisha tunashtakiana kwa sababu ya unyevu na mvuto! Ni kweli yule jirani alikaza mno. Kukaza mno ni kosa la mikono, wala si la roho, na dawa yake ni kumwambia, "Dada, legeza kidogo, panauma."

Sasa moto. Wengi huona kwamba kama tatizo ni maji, basi pasi ya nywele italimaliza kwa dakika moja. La hasha! Kitana cha chuma kilichowekwa juu ya jiko la mkaa, au pasi ya umeme, kikigusa unywele wenye maji ndani yake, maji yale huchemka humo humo. Chini ya hadubini unywele wa namna hiyo huonekana una mapovu kama mkate, na penye povu ndipo unapokatikia. Ile sauti ya "chwaa" na moshi mweupe tunaoufurahia saluni ni maji yanayochemka, nayo yana uwezo wa kumbabua mtoto sikio na shingo. Ikibidi kutumia kitu cha moto, nywele ziwe zimekauka kabisa.

Drai ya kofia ni afadhali, ikiwa joto ni la wastani, na kuseti kwa roli kunahitaji nywele zenye unyevu, sikupingi hilo. Nywele zinazokaushwa zikiwa zimenyooshwa hubaki na umbo hilo mpaka zilowe tena, nayo ndiyo siri ya roli na ya mabutu ya uzi ya bibi zetu. Sharti lake ni mbili: roli isivutwe mpaka ngozi ikainuka, na mtu asitolewe chini ya drai kabla kisogo hakijakauka. Tatizo letu ni umeme. Wakati wa mgao wa mwaka 2023 wateja wengi walitoka saluni vichwa vikiwa nusu, wakafungwa vitambaa, wakapanda daladala hivyo hivyo.

Kichwa kilichofungwa kikiwa kibichi hakikauki upesi katika hewa yetu ya pwani, hasa mwezi Aprili masika yakiwa yamekolea. Chini ya rasta nene, au chini ya wigi, ngozi hubaki na joto na unyevu kwa siku kadhaa, na harufu yake mwenyewe anaijua. Mba huzidi, kwa sababu kuna hamira fulani inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu na inayostawi penye mafuta na unyevu. Mapunye ni habari nyingine: hayo huletwa na ukungu unaoambukizwa kwa chanuo, kitambaa, mashine ya kunyolea na kucheza pamoja. Maji hayayaleti. Ila msuko uliofunika kichwa cha mtoto mwezi mzima huyaficha mpaka yameenea. Mama afahamu pia kwamba mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka tu. Mtoto huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, naye apelekwe zahanati.

Basi tufanyeje, na maji yanatoka Jumamosi jioni? Jibu langu ni la mtu wa kawaida: tuihamishe siku ya kuosha. Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi kichwa kioshwe, hata kama ni kwa maji yaliyowekwa kwenye pipa tangu Jumatano. Kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi, yale yale yanayokamuliwa majumbani huku pwani. Watafiti wa India walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta ya nazi hupunguza protini inayopotea kwenye nywele wakati wa kuosha, kuliko mafuta ya alizeti au yale ya madini. Baada ya kuosha usisugue kwa taulo. Kandamiza tu kwa kanga kuukuu au fulana ya pamba. Na hapo hapo, nywele zikiwa bado na unyevu, chana! Nywele zetu zikikauka bila kuchanwa hufungamana, na kuzichana zikiwa kavu kabisa ndiko huzikata. Tumia chanuo la meno mapana, anza nchani ukipanda kuelekea shinani, kichwa kikiwa kimegawanywa mafungu manne. Halafu funga mabutu makubwa yaliyolegea na umwache mtoto akacheze. Ukija kusuka, ingiza vidole kisogoni, maana huko ndiko hukauka mwisho. Pakiwa baridi, bado.

Na kama muda umekwisha kabisa? Mabutu mawili yaliyolegea yatosha kumpeleka mtoto kanisani. Mungu hatamkosea hesabu.

Shule nyingi za serikali huwataka watoto wanyoe au wawe na nywele fupi, kwa hiyo mabinti wengi huzifuga wamalizapo kidato cha nne, nao huanza na misuko mizito siku ya kwanza kabisa, juu ya nywele changa. Hao ndio wa kuzungumza nao. Viongozi wa WAWATA wanaoandaa semina za mabinti wangeweza kutenga nusu saa kwa ajili ya jambo hili, na wamwalike msusi mzoefu wa parokia aonyeshe kwa mikono yake mwenyewe. Msusi husikilizwa kuliko daktari. Kadhalika walimu wa Komunyo ya Kwanza wawaambie wazazi mapema kwamba shela halihitaji kichwa kilichokazwa. Kila mwaka twaona watoto wakishika mapanja yao wakati wa mahubiri, na si kwa uchaji.

Akina baba nao wasinung'unike kwamba nusu ya Jumamosi imepotea. Wabebe maji asubuhi.

Mwenye vipele vyenye usaha ukingoni mwa nywele, au nywele zinazopungua mapanja yote mawili, afumue leo hii bila kungoja wiki mbili za msuko ziishe, kisha akamwone mganga wa zahanati iliyo karibu. Akiona hapati nafuu, aombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa, Temeke au Mwananyamala. Wataalamu wa ngozi wapo nchini. KCMC kule Moshi kuna kituo kinachowafundisha tangu mwaka 1992. Aendapo, asiende na kichwa kilichosukwa upya kwa ajili ya safari. Daktari anataka kuona ngozi.